Fupi kwa Kidole Kimoja na Nusu

Sakitu ya Februari iliingia uani bila hodi.
Asubuhi, bado nimevaa sare ya zamu ya usiku,
nikakuta sinia la kauri limepasuka
kutoka pembeni hadi kwenye tundu la maji,
ufa mwembamba kama unywele wa Tunu
ulionasa kwenye sabuni.

Nikaligonga kwa ukucha.
Kauri nzima huitika: ling'!
Hili likasema: tep,
kama mtu anayekujibu hajambo
huku akitazama kando.

Juu yake nchi yangu haikuwa na habari:
mreteni mmoja, urefu wa mwiko,
mawe matatu niliyookota kando ya mfereji,
ukoga niliobandua kwa kisu ukutani kwa jirani
(aliniona, akanyamaza;
mtaa huu wa Longton una adabu ya kutoona),
na ng'ombe wa plastiki wa Tunu
aliyeruhusiwa kwa sharti asiletewe mwenzake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.
Basi nikaziba. Gundi ya mirija miwili,
pauni sita na senti tisini,
na kamba ya kiatu kiunoni mwa sinia
kama mgonjwa wa mgongo.
Siku tatu tulipita jikoni kwa kunyata.
Siku ya nne nikamwagilia,
maji yakatoka pale pale,
polepole, bila aibu,
yakaifikia bili ya umeme.
Methali haikusema gundi gani.

Enid Colclough ana karakana nyuma ya duka la samaki.
Miaka thelathini na mmoja alibandika vishikio vya vikombe
mpaka kiwanda kikageuzwa ghala la mazulia.
Chai alinipa ndani ya kikombe kisicho na kishikio.
Nikacheka peke yangu: mfinyanzi hulia gaeni.
Akauliza nacheka nini. Nikamfasiria.
Akakigeuza kikombe chake, kilichomeguka mdomo,
akasema, "Aliyetunga hiyo, mwambie amenipata."

Kisha kidole juu ya ufa:
"Kabatini litapendeza. Kwa maji na baridi, hapana.
Nipe vipimo."

Udongo husinyaa, alinieleza,
hupungua ukikauka, hupungua tena tanurini,
sehemu moja katika kila kumi.
Hilo alilijua, akaliongezea.
Asilolijua ni kwamba nilimpa upana wa ndani
naye akausikia wa nje.

Wiki tano.
Sinia jipya likaja na rangi ya mbingu ya hapa,
zuri, zito,
na fupi kwa kidole kimoja na nusu.

Siku ya kuhama, lile la zamani
lilijiachia lenyewe mikononi mwangu, vipande viwili,
na nchi ikabaki imekaa juu ya gazeti
bila ukingo, bila sakafu,
isimomonyoke hata punje.
Mizizi ilikuwa imejisukia mkeka
gizani, miaka saba,
wala hakuna aliyeiagiza.
Nilisimama na mkasi
nikiona haya kuanza.

Tunu akasema: toa jiwe.
Lipi?
Lile unaloliita kwetu.
Sikujua kama amewahi kunisikia.

Nikatoa la pembeni.
Nikalirudisha.
Nikatoa alilolisema.
Sasa linazuia mlango wa jikoni
usijipigize upepo ukivuma,
kazi ambayo, nikisema kweli,
linaifanya vizuri kuliko ile ya kwanza.

Sinia la zamani nimelivunja kwa nyundo,
vigae nikavipanga chini kabisa, juu ya matundu,
udongo usipite, maji yapite.
Kigae chenye gundi nacho kimo.

Leo nimemwagilia.
Maji yalichukua muda wake,
nikainama, nikasubiri,
yakatoka chini, matone, mahali pake.
Ng'ombe ameelekezwa kwenye ukuta wa jirani.
Tunu anasema ameshauona ukoga.